Bahasha Isiyo na Jina

Jumamosi iliyopita tulimuaga Sista Kwamboka kule Kajiado, na mpaka leo sauti yangu haijarudi. Amestaafu unesi. Tulijaa kwa tenti nyuma ya nyumba yake, wanawake karibu arobaini aliowahudumia, na watoto wao, tukala pilau na nyama ya mbuzi na chapati nilizosukuma mimi mwenyewe tangu alfajiri, tukaimba, na nikagombana na mwenye tenti aliyetaka kuing'oa kabla hotuba hazijaisha. Binti mmoja, mgeni kwetu, amezaa juzi tu, akauliza mimi na rafiki yangu Simaloi tulijuana vipi na Sista. Tukaangaliana. Simaloi akasema, "Tuliletwa na pikapu ya mbuzi," na hapo tukacheka hadi tukafuta macho na lesso, yule binti akituangalia kama watu wameshikwa na kitu. Nikamwambia avute kiti nimweleze. Nilipofika nyumbani nikaona si haki nimweleze yeye peke yake. Ndiyo maana naandika. Sitaanza na mahali nilizaliwa wala baba yangu alikuwa nani, hiyo haitasaidia mtu. Naanza na chumba.

Chumba kilikuwa Kitengela, kwa ploti ya nyumba kumi na mbili zinazoangaliana kama watu wamenuniana. Yetu ilikuwa namba saba. Kitanda, pazia la maua, na nyuma ya pazia gesi ya kupikia, ndoo mbili, na beseni. Dirisha lilikuwa linaangalia ukuta. Upepo wa pale haubishi hodi, unaingia na vumbi lake na kulala kwa sufuria. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha fomu foo ndani ya sanduku, na mtoto wa wiki tatu anayeitwa Shantel. Baba yake alikuwa anatoka kwenda kiwandani kabla jua, anarudi amechoka, ananikuta pale pale aliniacha. Chai ilikuwa inakaa hadi inashika ngozi juu. Nepi zililoweka kwa beseni siku tatu. Shantel akilia nilisikia kama analia nyumba ya mbali, mtoto wa mtu mwingine, na nikajiuliza mama yake ako wapi. Nililia bila msiba. Kuna siku niliwaza wote wawili wangekuwa afadhali bila mimi, na niliwaza hivyo kwa utulivu, vile mtu anawaza kuhusu kununua sukari, na huo utulivu ndio hunitisha hadi leo. Majirani walianika nguo mbele ya mlango wangu wakiongea, na ukuta wa ploti hauzuii neno. Mmoja akasema huyo wa namba saba ni mvivu. Mwingine akasema si uvivu, ni maringo ya fomu foo. Niliwasikia vizuri sana. Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika, na mtu akinijua atakwambia hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Aliyegonga mlango ni Simaloi wa namba nane. Alikuwa na mimba ya miezi saba na alitembea kama anabeba ndoo imejaa. Hakuuliza swali. Alichukua beseni akafua nepi zangu, akaanika, akaenda. Juma lililofuata mama mkwe wake, Koko, akafika kutoka Kajiado na kondoo. Sisemi nyama, nasema kondoo mzima, amefungwa miguu. Koko alikuwa amesikia kuna msichana amezaa pale kwa ploti, ametoka mbali huko upande wa magharibi, hana mama karibu, na hajanywa mafuta. Kwao mama akizaa anachinjiwa kondoo, mafuta yanayeyushwa, anakunywa ndio mwili urudi. Kondoo akachinjwa nyuma ya choo, mwenye ploti akilalamika hadi alipopewa mbavu. Nilikunywa yale mafuta ya moto kwa kikombe cha bati, Koko amesimama mbele yangu mikono kiunoni, na nilipotaka kutapika akaniambia nimeze, kwani kondoo amekufa bure? Kuanzia siku hiyo Simaloi akawacha kuniita Mama Shantel. Akaniita paker. Wamaasai wakipeana mnyama huwa wanaitana kwa jina la huyo mnyama maisha yote, na paker ni mtu mliyepeana kondoo. Ukiitwa hivyo umekuwa mtu wa mtu. Nami nikamwita paker, ingawa nilikuwa bado sijampa kitu.

Mafuta yalirudisha mwili. Kichwa hakikurudi. Simaloi akanivuta hadi kwa kliniki moja ndogo pale mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu siku hizi wamejirekebisha. Jamaa mwenye koti nyeupe akaniuliza maswali matatu akiangalia simu. Unalala? Unakula? Unalia? Nikajibu. Akahesabu vidonge kwa kisahani, akavimimina ndani ya bahasha ya kaki, ile ndogo, akaandika juu "1x1 usiku." Basi. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema, "Vya kukupa nguvu, mama. Kunywa tu." Nilikuwa na fomu foo yangu, nilipita baiolojia, na nikasema asante. Hiyo asante bado inaniuma.

Lakini ngoja niseme ukweli wote, kwa sababu hii hadithi si ya kutukana dawa. Wiki ya kwanza niliona usingizi tu, na mdomo mkavu kama nimelamba simiti. Ya pili nikasema huyu jamaa ni tapeli. Ya tatu kuelekea ya nne, asubuhi moja, Simaloi alikuwa anakaanga vitunguu pale kwake, na ile harufu ikapita ukuta ikaniingia, na nikataka kula. Nilitaka! Niliamka nikaenda mlangoni kwake na sahani mkononi kama mtoto wa shule. Siku hiyo Shantel alipolia nilijua ni wangu. Nilimbeba nikazunguka naye ploti yote, nikawasalimia hata wale wa laini ya nguo, na mmoja akaniuliza kama nimeokoka. Nikarudi kliniki mwisho wa mwezi, nikapewa bahasha nyingine kama ile ya kwanza, nikashuku ni za kichwa, si za nguvu, na sikuuliza kitu tena. Kitu kikikusaidia huwa huulizi.

Simaloi akajifungua msichana. Nilimpikia uji, nikamfulia nepi, nikajua sasa ni zamu yangu. Baada ya kama miezi miwili niliingia kwake asubuhi nikaona chai iko kwa stuli, imeshika ngozi juu. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani, anaangalia bati kama linaonyesha sinema. Nikamwambia twende kliniki. Akakataa, akasema Lemayian, bwana yake, ataambia Koko, na Koko ataita watu wa maombi, na kila mtu ataketi hapo kumuangalia usoni. Sasa nifanye nini? Sisi wawili tulikuwa tunagawana kila kitu, unga, makaa, sabuni, hadi titi, maana Shantel alinyonya kwake siku nilipokuwa na homa. Na nilikuwa nimekula kondoo wao. Nilienda namba saba, nikamwaga vidonge vyangu kitandani, nikavigawa nusu kwa nusu, nusu yake nikaifunga kwa karatasi ya daftari. Nikampatia nikiwa na furaha, unaelewa? Nilijisikia mtu mkubwa. Nikamwambia, "Paker, hizi ni za nguvu. Hata ukiongeza si neno." Nimesema maneno mengi mabaya kwa maisha yangu, kwa sababu mdomo wangu hauna pazia, lakini hayo, niliyoyasema kwa upendo, ndiyo mabaya zaidi.

Mimi nikaanza kumeza leo, kesho naruka, ili zifike mwisho wa mwezi. Kizunguzungu kikanishika, machozi yakarudi, nikaficha. Yeye alimeza moja moja akaona usingizi tu. Hakuna aliyemwambia inachukua wiki kadhaa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimejua kwa kubahatisha, na sikufikiria hiyo ni habari ya kumpa mtu. Kisha ikafika siku ya kunyoa mtoto na kumpa jina, nyumbani kwa Koko, nje kidogo ya Kajiado. Hiyo siku mama na mtoto wananyolewa, wazee wa familia wanabariki, jamaa wanatoka kila upande hadi Magadi. Simaloi alienda mapema na Lemayian. Mimi nilifika asubuhi yenyewe na Shantel mgongoni. Nikakuta wanawake wameweka chai ya maziwa kwa sufuria kubwa, supu inachemka na mizizi yake, watu wanasalimiana, takwenya, iko, takwenya, iko, vicheko kila mahali. Koko akaniita niende nimwamshe paker wangu, maziwa ya kunyolea yako tayari.

Nyumba ya Koko ilikuwa ya mabati, ndani kitanda kimoja cha ngozi na kimoja cha duka. Simaloi alikuwa ameketi kwa kile cha duka, shanga zote shingoni, amependeza sana. Mboni za macho yake zilikuwa kubwa kama za paka gizani. Akaniambia, ulimi mzito, "Paker, nilikunywa zote zilizobaki. Nataka leo nicheke." Akasimama. Akafika mlangoni na kuanguka kama nguo imetoka kwa laini.

Wanawake wakaingia. Mmoja akasema jua. Mmoja akasema jicho baya, shanga zimependeza kupita kiasi. Niliweka mkono kifuani kwake na moyo ulikuwa unakimbia kama wa kuku aliyeshikwa. Lemayian alikuwa amepakia mbuzi kwa pikapu apeleke sokoni baada ya sherehe. Alishusha wachache, wawili wakakataa kushuka, akawaacha. Tuliwaachia wanawake watoto, tukamlaza Simaloi nyuma, kichwa kwa mapaja yangu, Koko upande wa miguu, mbuzi mmoja akinikanyaga njia yote na mwingine akitafuna ncha ya lesso yangu, na nikiwa pale nilikuwa nafikiria jambo moja tu. Siyo kwamba atakufa. Nilikuwa nafikiria watajua. Nikiongea, Koko atajua mimi hunywa dawa za kichwa, Lemayian atajua, bwana yangu atajua, ploti nzima. Na watajua ni mimi nimempa. Niliomba Mungu madaktari wajue wenyewe. Nimeandika hivyo kwa sababu ni ukweli, na nikiusoma nataka kujipiga kofi.

Hospitalini alitupokea nesi mfupi, mnene, miwani imefungwa na uzi. Huyo ndiye Sista Kwamboka. Alimshika mkono, akamfungua macho, akaita daktari, wakamuunganisha na mashine ya moyo, na kabla ya kumaliza akageuka akatuuliza, "Amekunywa nini?" Koko akasema supu. Supu tu na maziwa. Sista akauliza tena, akiangalia kila mmoja wetu kwa zamu, polepole. Lemayian akasema hakuna kitu. Wodi ilikuwa wazi, wagonjwa wanasikia, mama mmoja kitanda cha pili hata aliinua kichwa asikie vizuri. Bahasha yangu ilikuwa kwa mkoba, chini ya nepi. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Kisha nikasema, "Amekunywa dawa yangu. Mimi ndio nilimpatia. Niliambiwa ni ya nguvu lakini ni ya kichwa, ya huzuni. Nilikuwa naumwa."

Sikuangalia Koko. Nilimpa Sista bahasha. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma. "Inaitwaje?" Nikasema sijui. "Umekunywa miezi mingapi?" Minne. "Na hujui inaitwaje." Hakusema kwa kunidharau. Alisema kama mtu ameona kitu kile kile mara elfu. Akamwaga kidonge kwa kiganja, akakipeleka kwa daktari, wakasema wanadhani wanajua ni kipi, lakini viko vingi vinavyofanana, wanataka uhakika. Namba ya ile kliniki ilikuwa imegongwa muhuri nyuma ya bahasha. Wameweka namba, hawaweki jina la dawa! Sista akapiga simu, akaiweka kwa spika tusikie. Yule jamaa wa koti nyeupe akamwambia kwa Kiswahili safi kwamba hawezi kutoa habari hiyo, ni siri ya mgonjwa.

Hapo ndipo nilipopona, kama unataka kujua. Hasira ilirudi. Ilipanda kutoka kwa vidole vya miguu, hasira yangu yenyewe, niliyokuwa nimeikosa tangu nizae. Nikachukua ile simu nikamwambia, "Mgonjwa ni mimi. Siri ni yangu. Sema." Akaanza kusema mama tulia. Nikamwambia sitatulia, kuna mtu moyo wake unaruka hapa, sema jina. Akasema. Amitriptilini. Neno refu namna hiyo, na mimi nilikuwa nimelimeza kila siku bila kulijua. Sista akanifanya nilirudie mara mbili, hapo hapo, huku daktari ameshaanza kazi.

Walikaa naye siku nzima na iliyofuata, maji kwa mshipa, mashine inalia ti, ti, ti. Sherehe ilihamia nje ya wodi. Jamaa walikaa kwa nyasi na ile chai waliyoileta kwa jeri. Koko hakuniongelesha hadi alasiri. Kisha akaja akaketi kando yangu kwa benchi, harufu ya moshi na maziwa, na nikangoja matusi. Nilikuwa nayastahili. Akaniuliza, "Yule kondoo nilikuletea, si nilikwambia jina lake?"

Nikasema ulinambia.

"Si nilikwambia mama yake ni nani, na alikuwa mgonjwa mwaka gani, na alikula wapi?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi siwezi kula hata mbuzi sijui mama yake. Na wewe umesoma. Unaweka kwa tumbo kitu hakina jina, unampa mtoto wangu." Akaelekeza kidole mlango wa wodi. "Na hii ugonjwa yenu. Iko na jina, ama pia imefichwa?"

Nikaenda kumuita Sista. Alikuja na kikombe chake cha chai, akavuta stuli, akatuelezea pale pale kwa korido, si kwa kunong'ona. Inaitwa dipresheni, alisema, vitabu vinasema sonona. Inaweza kumshika mama baada ya kuzaa, haiangalii kabila wala shule wala kama ameokoka. Si uvivu, si jicho. Inatibika. Kuna dawa, na kuna kuketi na mtu aliyesomea, mkaongea wiki baada ya wiki. Wengine wanahitaji moja, wengine zote. Dawa inachukua wiki kadhaa kabla uione, usiikatize ghafla, usiongeze mwenyewe, na usimpe mtu, hata umpende vipi, kwa sababu daktari alikupimia wewe. Koko alikuwa anatafsiri kwa Kimaasai kila sentensi kwa wanawake waliokuwa nyuma yake, kwa sauti ya mnada, na kila akimaliza kulikuwa na minong'ono, na polepole mwanamke mmoja akauliza swali, kisha mwingine, kisha yule mama wa kitanda cha pili akapiga kelele kutoka ndani kwamba wasogee karibu na mlango, naye hasikii. Sista chai yake ilipoa. Hakuna kanisa nimewahi kuwa ndani yake nikahisi vile nilihisi kwa hiyo korido.

Simaloi aliamka sawasawa siku ya pili. Nikamwambia nisamehe. Akasema ana njaa, na kwani bado hajanyolewa? Alinyolewa juma lililofuata. Alianza dawa zake mwenyewe, alizopimiwa, tofauti na zangu. Nilianza zangu upya chini ya Sista, na kila Jumanne tulienda Kajiado wote wawili kuongea, na ikafika wakati tuliziwacha, polepole, tukiongozwa, mimi kwanza, yeye mwaka uliofuata. Bwana yangu nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama. Aliuliza jina la dawa, na nikajua tutaelewana.

Na niliirudia ile kliniki. Koko alisema haniachi niende peke yangu, akaja na shanga zake zote kama anaenda harusini. Ilikuwa siku ya kupima watoto, benchi zimejaa. Nilipofika dirishani nikapewa bahasha ya Shantel, alikuwa na kikohozi. "1x3." Nikairudisha. Nikasema andika jina. Jamaa akasema mama, kuna laini. Nikasema ndiyo, naiona, na hao wote pia wanataka kujua. Nikageuka nikawaambia kwa sauti yangu yote kwamba niliumwa dipresheni hapa hapa Kitengela, dawa niliyopewa ilinisaidia, na kwa sababu hakuna aliyeniambia jina lake karibu nimuue mtu ninayempenda. Kisha msichana wa benchi ya mbele akatoa bahasha kwa mkoba, akaiangalia mbele na nyuma, akasimama. Nyuma yake mwingine. Wale wa laini ya nguo walikuwa wawili pale, na wao pia wakasimama. Jamaa aliandika hadi kalamu ikaisha wino, na Koko akampa yake, aliyoitoa sijui wapi kwa zile shuka.

Sasa miaka sita imepita. Shantel anasoma, na anasoma kwa sauti kila karatasi inayoingia nyumbani, hadi ya majani chai. Jumamosi, hotuba zilipoisha na mwenye tenti akiwa amenuna, Koko alisimama. Amezeeka, lakini sauti bado ni ya mnada. Lemayian akamletea kondoo jike mwekundu, na Koko akashika kamba akaiweka kwa mkono wa Sista Kwamboka, ambaye alianza kulia kabla hata hajaambiwa kitu.

"Huyu anaitwa Nanyokie," Koko akasema. "Mama yake ni Narok, ako hai, ako nyumbani. Huyu mwenyewe alizaa mara moja, mapacha. Alikuwa na minyoo kabla ya mvua, tulimpa dawa, jina lake liko kwa hii karatasi. Dawa ilimfanya akatae kula siku mbili, usishtuke. Uko na swali?"

Sista alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akauliza ni kipimo gani alipewa. Wanawake arobaini tukapiga vigelegele, na yule binti mgeni kando yangu, mtoto begani, akainama akatoa bahasha ya kaki kwa mkoba wake, akaisoma, kisha akaninyooshea.

"Hii haina jina," akasema. "Nianzie wapi?"